Usiniambie Unahustle, Niambie Unamfanyia Nani Kazi

Wasee, leo tunaongea kuhusu neno moja tu. Najua kuna wale watakasirika, na wengine wataniambia nitafute kazi ya kufanya. Sawa. Mkimaliza kukasirika mnijibu hili swali: mara ya mwisho uliposema "nahustle", nani alifaa kukulipa?

Fikiria kidogo kabla ujibu.

Hapa kwetu Runyenjes kila mtu anahustle. Wa bodaboda pale steji anahustle. Mama anayechuna kahawa ya tajiri na kulipwa kwa debe anahustle. Msichana anayekaa kwa duka la M-Pesa kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku anahustle. Kijana aliyemaliza diploma, na huu ni mwezi wa nane ako ofisini bila malipo juu ati "anapata uzoefu", anahustle. Anayeweka pesa ya unga kwa kamari ya simu anahustle. Hata yule anakutumia ujumbe wa "ile pesa tuma kwa hii namba" anahustle. Halafu sasa enda umuulize mwenye shamba, mwenye duka na mwenye ofisi. Watakuambia, "Ah, hata sisi si tunahustle tu kama nyinyi."

Unaona shida iko wapi? Mchunaji na mwenye shamba wametumia neno moja. Mwizi na aliyeibiwa wametumia neno moja. Anayenyimwa mshahara na anayemnyima, wote ni mahasola. Hapo sasa tutajuaje nani anamdai nani?

Mimi nasema hivi: hili neno tumelipenda sana, na limetufanyia ubaya mkubwa. Limemtoa mwajiri kwenye sentensi. Na mtu akishatoka kwenye sentensi, ni rahisi sana atoke kwenye deni.

Angalia vile Kiswahili kinafanya kazi. Ukisema "namfanyia kazi", lazima kuwe na yule "m". Hiyo herufi moja ni mtu mzima, ako na jina na ako na mfuko. Ukisema "nimeajiriwa", ile "wa" ya mwisho inasema kuna aliyeajiri. "Nimetumwa", kuna aliyetuma. Lugha yenyewe inakukumbusha kwamba hauko peke yako kwa hiyo kazi, kuna mwingine upande ule. Sasa jaribu hustle. "Nahustle." Nani mwingine ako hapo? Hakuna. Unaweza kusema "nahustlia watoto", na hapo umetaja wenye kula. Lakini sijawahi kusikia mtu akisema "namhustlia mwenye hadiwea". Haitoki mdomoni. Yaani neno lina nafasi ya wanaokutegemea, halina nafasi ya anayefaa kukulipa.

Na si ati neno lilikuja safi likaharibikia hapa. Waingereza walilipata kutoka kwa Kiholanzi kwenye karne ya 17, na maana yake ilikuwa kutikisa, vile unatikisa sarafu kwa kofia ukicheza kamari. Baadaye likawa kusukumana, kubanana na mtu kwa umati. Kwenye karne ya 19 "hustler" alikuwa mwizi, yule wa kukusukuma akikuchomolea. Huko Marekani likabeba mambo mawili kwa pamoja: kuchapa kazi kwa nguvu, na kupata pesa kwa njia za panya. Yote mawili bado yako ndani. Kwa hivyo ukiona tapeli na mchapakazi wanajiita jina moja hapa Embu, jua kwamba neno lilifika likiwa limebeba wote wawili.

Sasa kuna wale hunijibu, "Lakini Kiswahili hakina neno la hustle." Kweli, hakina moja. Kina mengi, na kila moja linasema kitu tofauti. Hiyo si umaskini, huo ni utajiri. Hebu tuyapitie.

Kuna kutafuta, na kusaka. Ukisema "bado natafuta", umesema ukweli: hujapata. Mtu wa mtaa husema "najitafuta". Hapo tunajua tusikuulize mshahara, tukuulize kama umesikia kuna mahali wanaandika watu.

Kuna kuhangaika. Hili neno lina maumivu ndani, na halifichi. Msee akikuambia "nahangaika", unamuuliza amekula. Msee akikuambia "nahustle", unampigia makofi. Hali inaweza kuwa ile ile, mfuko ule ule. Tofauti ni kwamba wa kwanza amepata msaada na wa pili amepata "Mungu akubariki kaka".

Kuna kuungaunga. Leo mjengo, kesho kuosha gari, kesho kutwa kubeba ndizi sokoni. Kila mtu anaelewa kwamba vipande haviunganiki vizuri.

Kuna kuchuuza na kufanya biashara. Huyu ako na bidhaa, ako na mtaji, ako na faida na hasara. Kuna kubahatisha, na hapo ndipo kamari inafaa kukaa, si kwingine. Kuna kutapeli na kulaghai, na hayo tunayajua. Kuna kujituma na kujibidiisha, ambayo ni sifa ya mtu, si kazi. Unaweza kujituma kwa shamba la tajiri na bado usilipwe.

Watu wa pwani wana methali: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Anayezungukazunguka ufuoni hatakosa kitoweo. Hiyo ndiyo hustle ya kizuri, ile mnaipenda kwa status. Lakini sikia methali inasema nini: bahari ni ya wote, na samaki ukimpata ni wako. Mchunaji wa kahawa hagaigai upwani. Anachuna mti wa mtu, anapima kwa debe la mtu, na kahawa inaenda kiwandani kwa jina la mtu. Methali ya ufuoni haimhusu, na ukimpatia hiyo umemdanganya.

Halafu kuna neno ambalo vijana tunaliona ni la aibu. Kibarua.

Cucu yangu alichuna kahawa kwa miaka mingi kwa mashamba ya wengine. Sijawahi kumsikia akisema alikuwa anahustle. Anasema, "Nilifanya kibarua kwa fulani." Na huyo fulani hakosi kutajwa. Anakumbuka nyapara alikuwa nani, debe lilikuwa pesa ngapi, na mwaka gani walizungushwa malipo mpaka Krismasi ikapita. Miaka imepita mingi na bado ako na jina la mwenye deni kichwani. Sisi wa siku hizi tuko na simu za kurekodi kila kitu, na mtu akituuliza nani hakukulipa mwaka jana tunasema, "Ah, hustle ilikuwa ngumu."

Kibarua maana yake ni barua ndogo. Ni ile karatasi au cheti kidogo mfanyakazi wa siku alipewa, ili aweze kulipwa. Na historia yake si tamu. Zanzibar kwenye karne ya 19, wengi wa walioitwa vibarua walikuwa watumwa, mabwana wao wakiwaacha wafanye kazi za siku kwa wengine na sehemu ya malipo ikirudi kwa bwana. Siwaambii turudi huko. Nawaambia hata kwa hali hiyo mbaya, kulikuwa na karatasi. Neno lenyewe limezaliwa kwa ushahidi. Na ndio maana mpaka leo tunasema "kibarua chake kimeota nyasi" mtu akifutwa. Kibarua kinaweza kuota nyasi kwa sababu kuna aliyekupatia na kuna anayeweza kukunyang'anya, na huyo unaweza kumuuliza kwa nini. Hustle haioti nyasi. Ukifutwa kwa hustle hakuna aliyekufuta. Umeshindwa tu mwenyewe. Ulikosa bidii.

Hapo ndipo napandwa na hasira. Hili neno linachukua deni la mtu mwingine na kuligeuza kuwa uzembe wako.

Kuna neno lingine la Kenya ambalo lilikuja kabla ya hili, na nataka muweke yote mawili pamoja muone. Jua kali. Mafundi wa kugonga mabati na kuchomelea walikuwa wanafanya kazi nje, hawana paa, ndio wakaitwa watu wa jua kali. Ukisikia hilo jina tu umeshasikia malalamiko: tunachomeka hapa. Na mwaka wa 1985 Rais Moi alienda Kamukunji, Nairobi, akaona hao mafundi kwenye jua, akaahidi kuwajengea vibanda. Sisemi Moi alikuwa mtakatifu, na sisemi kila fundi alipata paa. Nasema jina lilikuwa limebeba dai, na serikali ikasikia dai hilo ndani ya jina: hawa hawana paa.

Sasa njoo 2022. William Ruto akapiga kampeni kwamba huu ni uchaguzi wa hasola dhidi ya familia za wakubwa. Wilbaro kila mahali. Hata huku kwetu watu waliimba. Akaapishwa Septemba 2022, na tarehe 30 Novemba mwaka huo huo Hazina ya Hasola ikazinduliwa. Unapiga *254#, unapata mkopo kuanzia shilingi 500 mpaka 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, unarudisha kwa siku 14. Ukikopa 500, asilimia 5 inakatwa kwenda akiba, kwa hivyo mkononi unashika 475.

Sasa linganisha. Watu wa jua kali, jina lao lilisema "hatuna paa", wakaahidiwa paa. Mahasola, jina letu lilisema "sisi tunajipangia", tukapewa deni. Na kwa nini tushangae? Ukijiita mtu ambaye hana mwajiri, hana bosi, hadai mtu, kitu pekee mtu anaweza kukupatia ni mkopo. Hakuna mshahara wa hasola. Hakuna likizo ya hasola. Hakuna bima ya hasola akianguka mjengoni. Tulipewa kulingana na jina tulilokubali.

Na hii si mambo ya wachache. Takwimu za serikali zilisema mwaka wa 2023 Kenya ilipata kazi mpya karibu 848,000, na karibu 720,000 kati ya hizo zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Yaani kila kazi mpya 100, kama 85 ni hizi zetu. Wanazihesabu kama kazi wakitaka kujisifu. Ukienda kuuliza haki za kazi, ghafla ni hustle.

Kuna mtu hapo anasema, "Wewe unapigana na maneno wakati watu wanataka pesa." Basi nikuonyeshe vile maneno ni pesa.

Walimu wa sekondari ya chini. Wale walioajiriwa kama wanagenzi walikuwa wanalipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na wanafundisha darasa zima, vipindi vyote, sawa na mwalimu mwenye mkataba wa kudumu. Kilichowatofautisha ni jina. Walienda kortini, na Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikasema kuwaajiri hivyo kulivunja haki yao ya kutendewa haki kazini. Mwezi wa tano wakajaza barabara. Hawakubeba mabango ya kusema wanahustle. Walisema, "Sisi ni walimu." Neno moja, na ndani yake kuna mshahara, pensheni na mwajiri anayejulikana.

Ama wale waliokuwa wanachuja video za kutisha za Facebook wakiwa Nairobi, watu wakichinjwa, watoto wakiumizwa, kutwa nzima, ili wewe usizione kwa simu yako. Daniel Motaung alishtaki mwaka wa 2022, na mwaka wa 2023 zaidi ya 180 wengine wakashtaki pia. Meta, wenye Facebook, wakasema: sisi si waajiri wao, na hata korti za Kenya hazituhusu. Kesi kubwa namna hiyo, na mlango wake ulikuwa lile swali la cucu yangu: ulikuwa unamfanyia nani? Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta wanaweza kushtakiwa hapa Kenya.

Hata ng'ambo ni hivyo hivyo. Uber walikuwa wanawaambia madereva wa London kwamba wao ni wafanyabiashara wa kujitegemea, wanatumia tu programu ya simu. Madereva wakabishana na hilo jina mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, na Februari 2021 mahakama ikasema hapana, hawa ni wafanyakazi, wana haki ya mshahara wa chini na likizo ya kulipwa. Hakuna gari hata moja lilibadilika. Kilichobadilika ni neno, na pesa ikafuata.

Sasa turudi nyumbani, juu mimi pia haya yamenifika. Kuna biashara fulani niliwatengenezea video za matangazo. Sitaitaja. Video 2 kila wiki, shilingi 500 kwa moja, tulikubaliana kwa WhatsApp. Mwezi wa kwanza nilifaa kupata 4,000, nikapewa 2,000. Mwezi wa pili nikaambiwa nivumilie. Mwezi wa tatu nikienda kuuliza, nikajibiwa kwa upole kabisa, "Si unajua hii ni hustle. Hustle huwa na siku zake."

Sikiliza hiyo sentensi vizuri. Yeye ndiye alikuwa amekataa kunilipa, lakini kwa hiyo sentensi hayumo. Ni hustle ndiyo imekataa, kama mvua imekataa kunyesha. Niliporudi nyumbani sikumwandikia kuhusu hustle. Nilimwandikia: "Nimekufanyia video 24. Jumla 12,000. Umelipa 2,000. Nakudai 10,000." Nikaambatisha yale makubaliano yetu. Wiki mbili alikuwa hajibu simu zangu. Hiyo ilijibiwa kwa saa moja. Amelipa 6,000. Bado namdai 4,000, na yeye anajua hivyo, juu neno sasa liko kwa simu yake.

Kudai. Hilo ndilo neno tumepoteza. Ni kitenzi kizuri sana, juu hakiwezi kusimama bila watu wawili. Namdai. Ananidai.

Najua pingamizi linalokuja. "Na mama mboga? Huyo hana bosi. Huyo si anahustle?" Swali zuri. Mama mboga ni mfanyabiashara. Ananunua, anauza, anahesabu hasara ya nyanya zilizooza. Na hana bosi, ndiyo, lakini ako na anayemlipa: kila siku ya soko anakatiwa tiketi ya kaunti. Kwa hivyo yeye ni mlipa ushuru. Mlipa ushuru anaweza kuuliza: hii pesa yangu ndiyo choo gani, ndiyo taa gani, ndiyo paa gani? Hasola hawezi kuuliza hivyo. Hasola anaambiwa apambane na hali yake. Ukimwita mama mboga hasola ukidhani unamsifu, umemnyang'anya risiti.

Pingamizi la pili: "Neno linatupatia moyo. Ukisema kibarua unajisikia chini, ukisema hustle unajisikia mtu." Hii naielewa, na sitaicheka. Aibu ya kazi za mikono ni kitu tumefundishwa, na hakuna mtu anataka kuamka saa kumi na moja akijidharau. Lakini jiulize nani anafaidika na huo moyo wako. Ukijisikia mkubwa mwezi wa nane bila malipo, mwenye ofisi hajapungukiwa na kitu. Heshima ya kweli ya kazi ni kulipwa siku iliyokubaliwa. Hiyo nyingine ni wimbo wa kukubembeleza ulale njaa. Na kama unataka moyo, sema unajituma. Hakuna mtu atakukataza. Sema, "Najituma, na fulani hajanilipa." Zote mbili zinaingia kwa sentensi moja.

Pingamizi la tatu ndilo gumu: "Ukianza kumtaja bosi na kudai, utafutwa. Wako wengi nje wanangoja hiyo nafasi." Ni kweli. Sitawadanganya kwamba ukibadilisha kitenzi tajiri ataogopa. Lakini kuna mambo sheria ya Kenya inasema ambayo wengi wetu hatuyajui, juu tumejitoa wenyewe kwa hiyo sheria tukisema hatujaajiriwa, tunahustle.

Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua hata mkataba wa mdomo. Si lazima uwe na karatasi ndio uwe umeajiriwa. Kazi ya miezi 3 na zaidi, mkataba unafaa kuandikwa, na ni jukumu la mwajiri kuuandika, si lako. Asipoandika na mfike mahali pa kubishana, yeye ndiye anafaa kuthibitisha kwamba hamkukubaliana vile unasema. Kibarua kwa sheria ni mtu anayelipwa mwisho wa siku, na hajaandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Ukimfanyia mtu mfululizo mpaka siku zifike mwezi, kifungu cha 37 kinasema wewe si kibarua tena, unahesabika mfanyakazi wa mwezi. Hawezi kukuambia tu "kesho usikuje". Na dai la kazi una miaka 3 kulipeleka. Kama wewe hukuajiriwa lakini ulifanya huduma ya kulipwa kama hizi zangu za video, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inashughulikia mpaka shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iishe kwa siku 60.

Sasa soma hayo yote tena ukitafuta neno hustle. Halimo. Sheria inajua mwajiri, mfanyakazi, kibarua, mkataba, mshahara, dai. Ukiingia ofisi ya leba useme "nilikuwa nahustle pale", yule karani atakuuliza swali langu la kwanza: unamaanisha ulikuwa unamfanyia nani kazi?

Kwa hivyo mimi sisemi tuwashike watu mdomo. Ukitaka kuandika hustle chini ya picha yako na viatu vipya, andika. Ninachotaka ni hivi: ukiongea kuhusu pesa, tumia maneno ya pesa. Kama unatafuta, sema unatafuta, tukusaidie kutafuta. Kama unahangaika, sema, usitabasamu. Kama unabahatisha, usituambie ni kazi. Kama umeajiriwa, mtaje aliyekuajiri, hata kama ni mjomba wako, hata kama ni jirani wa kanisani. Hasa kama ni mjomba wako.

Na leo usiku kabla ulale, fungua simu uandike mistari minne. Namfanyia nani. Namfanyia nini. Tulikubaliana ngapi. Nililipwa mara ya mwisho lini. Kama umekosa jibu la mstari wa kwanza, anza na huo kesho asubuhi. Kama umekosa la tatu, muulize kwa ujumbe, si kwa mdomo, ndio jibu libaki. Na kama la nne ni zamani mpaka umesahau, basi hiyo hali yako ina jina kwa Kiswahili. Unadai. Mtumie huu ujumbe yule rafiki yako anayefungua duka la wenyewe saa moja asubuhi.